Mita Iliyorudi Kutoka Msibani

Chumba changu cha kazi kilikuwa nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, pale Kibiti, hatua chache kutoka barabara kuu. Kilikuwa na dirisha moja, nami nililitundikia shuka jeupe ambalo kila asubuhi nilililoweka na kulikamua, ili vumbi la barabarani linase humo kabla ya kufika mezani. Waliopita kunisalimu walidhani nakimbia joto. Nilichokuwa nakikimbia ni vumbi. Nilitengeneza na kulinganisha mita za mwanga, na mita ya mwanga inaweza kuanguka, ikanyeshewa, ikapona. Uchafu mdogo usioonekana ndio unaoiharibu bila mwenyewe kujua.

Inafaa nieleze mita hizo ni nini. Miaka ile ya soko huria, simu zilipoacha kuwa kazi ya serikali peke yake na kampuni zikaanza kugombania wateja, ulichimbwa mtaro mrefu kando ya barabara ya kusini na ndani yake ukalazwa mkongo. Mkongo ni waya mnene, lakini ndani yake hamna shaba. Mna nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, na maneno ya watu husafiri humo kwa mwanga ambao jicho haliuoni. Kwa kuwa uzi una mwisho, huungwa na mwenzake kwa kuyeyusha ncha zote mbili kwa cheche ya umeme. Kila kiungo hupoteza mwanga. Kikiwa kizuri hupoteza kidogo sana, kikiwa kibaya mwanga humwagika hapo hapo. Mita ni kifaa cha kushika mkononi, ukubwa wa redio ya mfukoni. Unaichomeka mwisho wa uzi, nayo inakwambia ni mwanga kiasi gani umefika. Fundi huiamini kama mwenye duka anavyoiamini mizani yake.

Kazi hiyo sikuisomea darasani. Redio za kaseti kutoka ng'ambo zilipoanza kujaa madukani, mimi nilikuwa kijana Ikwiriri, nikajifunza kuzifungua na kuzifunga kwa vitabu vya mitumba na kamusi iliyochanika jalada. Baadaye zikaja simu za mkononi, nikajifunza na hizo. Kampuni iliyokuwa na kandarasi ya kuunga nyuzi ilipochoka kurudisha vifaa Dar es Salaam kila vinapokorofisha, mtu akanitaja. Wakanipa vitabu vya mita, chanzo cha mwanga kisichoyumba, na mita moja ambayo haikuruhusiwa kutoka nje ya chumba isipokuwa inapopelekwa mjini kulinganishwa na iliyo sahihi zaidi. Mafundi waliiita kadhi. Wawili wakibishana mita ya nani inasema kweli, walikuja wakakaa kwenye benchi langu kama watu wenye shauri, mimi nikaitoa kadhi kwenye sanduku lake, ikaamua.

Miongoni mwa mafundi hao alikuwapo mmoja mzaliwa wa visiwa vya delta, ambaye ujana wake wote aliutumia kukata boriti za mikoko. Viganja vyake vilikuwa vipana, vyenye makovu ya shoka na magamba ya chaza. Mtu angeviona asingefikiri kwamba ndivyo vilivyotulia kuliko vyote kwenye uzi wa kioo. Akishika uzi alikuwa kama mtu anayemvisha mtoto mchanga nguo. Kwetu mimi ni vilima vya Umatumbi, na kwa utani uliopo kati ya watu wetu na wa delta hatukuwahi kusalimiana salama.

"Mtu wa milimani," alikuwa akibisha hodi, "leo umeoga?"

"Nimeoga. Wewe hujui kuoga, unajua kulowa tu."

"Siku ukitaka kuvuka mto uniite. Nije nikuokote huko chini."

Mkewe alikuwa mgonjwa kwa muda. Alilazwa hospitali ya Utete, akaruhusiwa, akarudi nyumbani kwao Mtawanya akiwa amekonda. Siku hali ilipobadilika, mumewe alikuwa ndani ya chemba, shimo la kukagulia mkongo kando ya barabara, mita mkononi, akipima. Aliitwa kutoka juu. Alipanda akaondoka kama alivyo, na wenzake wakamkusanyia vifaa kwenye mkoba wake, wakampa mwenye pikipiki ampelekee. Mkewe alifariki alasiri ile.

Nilikwenda maziko. Mfiwa mwenyewe ndiye aliyepanga maji, akatafuta mikeka ya wageni, akauliza kama waliotoka mbali wamekula. Alipokea pole za watu akiwa ameinamisha kichwa. Sikumwona akilia, wala kaburini, wala siku zilizofuata za matanga. Wazee walimsifu kwamba ana subira. Mimi pia nilidhani ni subira.

Hitima ilipokwisha alirudi kazini. Kilikuwa kimebaki kiungio cha mwisho cha kipande cha kutoka Kibiti hadi Ikwiriri, kasha moja ambamo nyuzi zote za upande huu zinakutana na za upande ule. Aliliunga yeye peke yake, akalifunga. Kisha ikaja zamu ya kupima. Fundi mwenzake alikaa Kibiti, akaingiza mwanga kwenye kila uzi baada ya kuupima kwa mita yake. Yeye alikaa Ikwiriri, akapima uliofika kwa mita yake. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo mwanga uliopotea njiani, nao huhesabiwa kwa desibeli.

Nyuzi zote zilikataa. Kila mmoja ulipoteza zaidi ya kiwango kilichokubaliwa. Ile mashine kubwa inayoweza kuonyesha kila kiungo peke yake kilipo na hali yake ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa imepelekwa Lindi. Kwa hiyo watu walitumia akili ya kawaida: viungo vya zamani viliungwa na mtu yuleyule alipokuwa mzima, cha mwisho kimeungwa na mfiwa.

Msimamizi wetu hakuwa mtu mbaya. Alimwita pembeni, akamwambia, "Mzee, umezika juzi. Mkono wa mfiwa hautulii, hilo si kosa lako. Nenda kapumzike. Nitaleta fundi mwingine alifungue lile kasha aunge upya." Kila mtu alijua maana ya kupumzika kwenye kazi ya kandarasi. Aliyepumzika hakuitwa tena. Lakini huruma ya msimamizi ilikuwa ya kweli, na huruma ya kweli ni vigumu kubishana nayo.

Kesho yake asubuhi alibisha hodi kwangu bila maneno ya kuoga.

"Karibu, ndugu yangu. Pole tena."

"Nshapoa." Akaweka mkoba mezani. "Nimekuletea mali ya watu. Iweke kabatini."

"Umehamishwa?"

"Mikono imenikimbia, kaka." Aliikunjua mbele yangu, akaitazama kama vitu alivyoazima. "Nyuzi zote zimekataa. Zote. Hata ningezifunga kwa ukili wa mkeka, si ungepita hata mmoja?"

Nikajaribu kumchokoza. "Watu wa maji mkikaa sana nchi kavu mnapinda."

Akakaa kwenye benchi. Ilikuwa mara ya kwanza kwake kuniacha na neno la mwisho, na ndipo nilipoona ukubwa wa jambo lenyewe.

Akasema polepole, akitazama sakafu: "Marehemu ndiye aliyenitoa kwenye mikoko. Nilikuwa nasuka nyavu za watu, akanitazama, akasema, wewe mikono yako inajua kutulia, nenda kajifunze hizi nyaya zinazokuja. Mimi nilicheka. Sasa kaondoka, na mikono imemfuata. Msimamizi kasema kweli. Juzi nimemwaga chai."

"Kila mtu humwaga chai."

"Mimi sikuwa namwaga."

Nilimwuliza kuhusu kazi, jambo nililolijua. "Zimekataa kwa kiasi gani?"

"Kama desibeli mbili kila mmoja."

"Kama mbili, au mbili?"

Alinyanyua macho. "Wewe siku ya kiama utamwuliza malaika kama mizani yake imelinganishwa."

"Nijibu."

"Mbili. Wa kwanza mbili, wa pili mbili. Uko mmoja umezidi kidogo. Zilizobaki, mbili."

Nilimwomba arudie, kwa sababu nilitaka kusikia tena. Kiungo kibaya huwa na ubaya wake. Uzi huu umepishana ncha, huu umeingia vumbi, huu umekatwa mshazari. Mkono unaotetemeka hautetemeki sawasawa uzi baada ya uzi; ungeharibu huu sana, ule kidogo, na mwingine ungeupatia kwa bahati. Hasara inayolingana katika nyuzi zote haitoki mkononi kwa mtu. Inatoka mahali ambapo nyuzi zote zinapita, na mahali hapo ni pawili: chanzo cha mwanga cha Kibiti, au mita ya Ikwiriri. Chanzo cha Kibiti kilikuwa kimepimwa kabla ya kila uzi, kwa mita niliyoilinganisha na kadhi siku chache nyuma; ikabaki mita yake ya Ikwiriri.

Sikumweleza hayo yote. Sikutaka kumpa tumaini ambalo sikuwa nimelipima. Nilimwambia tu kwamba hakuna mita inayoingia kabatini kwangu bila kupita kwa kadhi kwanza, kama ilivyo kanuni, na kwamba asubiri.

Niliwasha chanzo cha mwanga nikakiacha kipate joto lake, maana kikiwa baridi namba huelea. Nilifuta ncha za waya wa kupimia, nikazitazama kwa lenzi. Nikaanza na kadhi. Ilisoma kama ilivyosoma siku zote. Nikahamishia waya kwenye mita yake. Ilisoma chini. Nikabadili aina ya mwanga, kutoka wimbi fupi kwenda refu. Chini vilevile, kwa kiasi kilekile. Nikachomoa, nikarudia yote upya tangu kwa kadhi, kwa sababu kipimo kimoja ni habari tu, hakijawa ushahidi.

Wakati huo adhana ya adhuhuri ilikuwa imelia, naye alikuwa amekwenda msikitini.

Mita za aina ile zina njia ya siri ya kuzirekebisha: unabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, unaongeza au kupunguza namba hadi zilingane na kadhi, basi. Ningeweza kuongeza desibeli mbili nikamaliza kazi kabla hajarudi. Lakini sheria niliyojiwekea ni kwamba hurekebishi namba mpaka ujue kilichoipotosha. Ukirekebisha mita chafu, siku ikisafishwa itakuwa imepotoka upande wa pili, na wakati huo hakuna atakayekumbuka kwa nini.

Nilifungua kichwa cha kuchomekea cha mita yake. Ndani yake mna dirisha dogo la kioo, na nyuma ya dirisha ndipo kilipo kijicho kinachopokea mwanga. Niliweka lenzi. Kioo hakikuwa na vumbi, wala mkwaruzo, wala ukungu wa unyevu ambao huku kwetu huota kwenye kila kitu mvua zikinyesha. Kilikuwa na utando mwembamba wa rangi ya chai hafifu, uliotandazwa sawasawa toka ukingo hadi ukingo, kama kioo cha taa ya mafuta iliyowaka muda mrefu. Utando wa namna ile sikuwa nimeuona kwenye mita yoyote. Vitabu vyangu vilitaja mafuta ya vidole, vumbi, gundi, chumvi ya pwani. Vilikuwa vimeandikwa na watu wasiofukiza nyumba zao.

Nililowesha ncha ya kijiti chenye pamba kwa spiriti, nikaugusa utando pembeni tu. Ulilainika. Pamba ikawa ya manjano, na harufu ikapanda kutoka mezani, ndogo kwanza, kisha ikajaa chumba kile kilichofungwa. Niliitambua kabla ya kufikiri. Nikakiweka chini kijiti.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa ametoka msikitini, kofia bado kichwani. Hatua moja tu aliingia, akasimama.

"Kuna msiba hapa?" akauliza.

"Hapana."

"Nasikia ubani."

Nikamwita mezani. Nikamwonyesha pamba, nikampa aisogeze puani, kisha nikamwonyesha kioo kupitia lenzi. Nikamwuliza mkoba wake ulikuwa wapi siku zile za matanga.

"Chumbani. Aliyeuleta aliutundika kwenye msumari juu ya kitanda." Kisha akasema, "Chumba kilekile. Marehemu alioshewa humo. Wakafukiza humo tangu siku ile mpaka hitima, asubuhi na jioni, shangazi zake, ubani na udi. Mlango umefungwa."

"Na kifuniko cha mita?"

Alitafuta mfukoni mwa mkoba, ingawa nadhani alikwisha jua. Kile kifuniko kidogo cha mpira kinachoziba jicho la mita hakikuwamo. Kilibaki ndani ya chemba siku alipoitwa. Mita ilining'inia juu ya maiti ikiwa imefumbua jicho, na moshi ukaingia.

Nilimweleza basi, hatua kwa hatua, kama nilivyoandika hapa: kwa nini hasara iliyo sawa haiwezi kuwa ya mkono, na kwa nini msimamizi alikosea, na kwamba hakuna wa kulaumiwa, maana wale wanawake walifanya kama inavyopasa kumfanyia maiti. Alinisikiliza akiwa ameshika ukingo wa meza.

"Kwa hiyo mikono yangu mizima?"

"Mita ilikuwa na ila, hilo nimelipima. Mikono yako sijaipima. Kwanza tuisafishe mita, halafu tukapime upya njia nzima."

Pengine mtu mwingine angemwambia ndiyo, mizima. Mimi sikuweza kusema nisichokijua, hata kwake.

Nilichukua kijiti kipya. Akanyoosha mkono. "Nipe mimi."

Dirisha lile ukilikwaruza limekwisha. Kijicho kizima hutupwa. Kwa kawaida sikumruhusu mtu yeyote kuligusa. Nilimpa. Akavua kofia, akakaa, akazuia pumzi kama alivyofanya siku zote, akaanza kufuta kutoka katikati kwenda nje. Pamba ya kwanza ilitoka ya manjano, ya pili hafifu, ya tatu nyeupe. Hakuharakisha. Zile pamba hakuzitupa kwenye ndoo; alizikunja kwenye leso yake, akaitia mfukoni, nami nikajifanya naangalia chanzo cha mwanga.

Tuliichomeka tena. Namba ikalingana na ya kadhi bila kuongeza wala kupunguza chochote.

Kesho yake tulikwenda Ikwiriri pamoja na msimamizi. Nilikuwa nimempelekea habari, na alipoipokea akasema, "Tupime basi." Fundi wa Kibiti akaanza kuingiza mwanga, sisi tukapokea. Uzi wa kwanza ulipita. Wa pili ukapita. Mafundi waliosimama juu ya chemba wakaanza kuguna kila namba iliposomwa, na mmoja akasema kwa sauti, "Kumbe mzee wa mikoko tulimzika mzima." Wengine wakacheka. Yeye hakucheka, aliendelea kuchomeka na kuchomoa.

Kisha ukaja ule uliozidi kidogo. Ulikataa. Tulifuta ncha, tukapima tena, ukakataa tena.

Msimamizi akanitazama mimi, kama vile mita yangu ingeweza kumwepusha kulirudia lile neno lake la mkono wa mfiwa. Haikuweza. Kadhi ilikuwa imeshahukumu na mita ilikuwa sahihi.

"Huo ni wangu," akasema yule mfiwa. "Nakumbuka nilipouunga. Twendeni kwenye kasha."

Tukaenda. Wachimbaji wakafukua pale lilipozikwa lile kasha la mwisho, kando ya shamba la mihogo, wakalitoa, likawekwa juu ya meza ndogo ndani ya shimo, turubai juu yake kuzuia jua. Msimamizi alifungua mdomo, nadhani alitaka kumtaja fundi mwingine. Yeye alikuwa tayari ameshuka.

Aliutafuta uzi kwa rangi yake, akaukata pale kilipokuwa kiungo kibaya. Akamenya ganda, akaufuta kwa spiriti, akaukata ncha. Akaitazama ncha kwa lenzi, hakuridhika, akaikata tena. Lori lilipita barabarani likatikisa ardhi. Alinyanyua mikono, akasubiri itulie, akaishusha. Akazilaza ncha mbili kwenye mashine, akafunga kifuniko, akabonyeza. Cheche ikalia kidogo.

Nikapiga simu Ikwiriri nilikomwacha mtu na ile mita. Akasoma namba. Nikamwambia arudie, akarudia. Nikaitamka kwa sauti ili wote waisikie. Uzi ulikuwa umepita, na ulipita vizuri kuliko wenzake wengi.

"Alhamdulillahi," akasema msimamizi. "Haya mzee, funga kasha, panda tuondoke."

Alilifunga kasha, akaibana kila skrubu. Lakini hakupanda. Alikaa chini ndani ya shimo, mgongo ukiwa umeegemea udongo, akaufunika uso wake kwa viganja vile vipana, na mabega yakaanza kutikisika. Halikuwa jambo la sauti kubwa. Msimamizi akapiga hatua mbele, na mchimbaji mmoja mzee akamshika mkono.

"Mwache, bwana. Huyu hakulia matangani."

Tukamwacha. Wachimbaji waliegemea makoleo yao, mafundi wakavua kofia, mimi nikasimama pale pale na simu mkononi, jua likituchoma. Hakuna aliyemhimiza. Alipomaliza alijifuta uso kwa mkono wa shati, akainuka, akanipa mkono nikamvuta juu. Mkono ulikuwa umeloa, na ulikuwa umetulia.

Akalitazama shimo.

"Fukieni," akasema, na koleo la kwanza akalichukua mwenyewe.